Mwaka Nilioogopa Kunona

"Umepungua, Wairimu! Na imekukalia vizuri!" Ndivyo alivyonisalimia Njoki mwezi uliopita, langoni kwangu hapa Gatongora, siku ya ibada ya kumkumbuka mume wangu Mureithi, mwaka mmoja tangu tumzike. Alikuwa ametoka Thika na sufuria ya mukimo, viazi vya kuponda na mahindi, iliyofungwa kwa leso, anahema, anacheka. Mwanamke mwingine akiambiwa hivyo huzunguka ili aonekane na upande wa pili. Mimi niliogopa. Nilishika lango, na Njoki naye akaacha kucheka, akanikazia macho. Tumejuana tangu tukiwa wasichana, tumelala kitanda kimoja, na sote wawili tulikumbuka kwa pamoja mara ya mwisho aliponiambia maneno hayo. "Wewe," akasema kwa sauti ya chini, "si unajidunga?" Nikamwambia najidunga, aingie, watu wanangoja chakula. Aliingia. Lakini kutwa nzima, hata pasta alipokuwa akiomba, nilipofungua jicho moja nilimkuta ananiangalia.

Nimekuwa na ugonjwa wa sukari tangu nikiwa na miaka ishirini na mitatu, na watu wakisikia hivyo hudhani jambo la kuogopwa ni sindano. Sindano si kitu. Kuna wanawake hapa Ruiru wanaotobolewa masikio mara tatu kwa ajili ya hereni. Mimi nilichoogopa mwaka ule wa kwanza ni mwili wangu mwenyewe, jinsi ulivyofura bila kuniomba ruhusa, na macho ya watu waliouangalia na kujifanyia hesabu zao. Mureithi alikuwa akinitania kwamba ningekuwa shujaa wa vita vyote isipokuwa vita na kioo. Sasa hayupo wa kunitania, na kioo bado kiko pale ukutani.

Mwaka ule, kabla barabara ya Thika haijapanuliwa, mimi na Njoki tulipanga chumba kimoja cha mawe si mbali na hapa ninapokaa leo. Kitanda upande mmoja, jiko la mafuta ya taa upande wa pili, na katikati pazia la maua ambalo halikumficha mtu yeyote. Njoki alisuka nywele saluni mjini Ruiru. Mimi nilikuwa nikiuza vitambaa katika duka moja Thika, siku nzima nimesimama na rula ya mbao mkononi. Mwezi wa kwanza nilianza kukonda. Nilikunywa maji kama ng'ombe aliyefika mtoni, na choo cha plot, cha wapangaji wote, kilikuwa ng'ambo ya ua, kwa hiyo majirani wote walijua safari zangu. Njoki ndiye aliyeng'amua. Asubuhi moja alikuwa akinifunga lemba, akanusa, akarudi nyuma. "Haiya! Wairimu, mdomo wako unanuka nanasi. Lile lililoiva mpaka likaoza." Sisi watu wa Thika tunalijua nanasi, halitupotei. Nikamwambia sijala nanasi tangu Krismasi. Siku iliyofuata nilianguka dukani, nikaamkia wodini, mpira wa maji mkononi.

Sista wa kliniki ya sukari alinifundisha kujidunga insulini kabla ya chakula, asubuhi na jioni, na akanipa namna ya kuihifadhi kwa mtu asiye na friji: chungu kidogo cha udongo ndani ya beseni lenye mchanga uliolowa, mfuniko juu, mbali na jua. Tulikiweka chini ya kitanda. Majirani walipokiona waliuliza kama tumeanza kutengeneza pombe ya muratina, na Njoki akajibu kwamba tunafuga samaki. Ugonjwa wenyewe hatukuutaja. Kwetu wakati ule mtu akisikia umeanza sindano, anakupa pole ya matanga. "Sindano ndiyo ya mwisho," mama wa nyumba ya pili alisema siku moja akianua nguo, akimzungumzia mzee fulani wa Mwihoko. "Wakikuanzia hiyo, wewe andaa watu wako." Nilikuwa nyuma ya pazia, sindano iko tumboni, nimeishikilia hapohapo. Niliogopa kuichomoa, nikaogopa kuiacha. Njoki aliinua sauti ya redio ili nisiendelee kusikia.

Basi nikapona, na kupona kwenyewe kukaja na mambo. Mwezi wa nne sketi ya kazi ilikataa kufunga. Mwezi wa tano mashavu yalikuwa yamejaa hadi tajiri wangu dukani akasema mapenzi yamenikubali. Nilimuuliza Sista, nikitarajia aseme dawa ni mbovu. Akacheka kwa upole. "Dada, ulipokuwa huna insulini, chakula chote kilikuwa kinatoka na mkojo. Ulikula mwili ukakosa. Sasa mwili unakipata, na unakiweka. Usipunguze dawa. Punguza ule ugali, uongeze mboga, tembea, na ukiona kilo zinazidi njoo hapa tuangalie dozi pamoja." Ilikuwa kweli, na nilielewa kila neno. Lakini kulikuwa na jambo ambalo sikumwambia. Siku moja nilikuwa nimechelewa chakula cha mchana, na nikiwa natandika kitambaa mbele ya mteja, mikono ikaanza kutetemeka, jasho likatoka kama nimemwagiwa maji, na nikasahau jina la rangi. Ilikuwa kijani. Nilisimama pale nimeshika kijani, sijui inaitwaje. Tajiri alininywesha soda nikarudi. Tangu siku ile nilikuwa nikitetemeka kidogo tu, hata kwa baridi, nakula. Mandazi, peremende, chai ya sukari, ndizi. Nilikula kwa woga. Sukari ikishuka naogopa kufa, nikila naogopa kunona, na katikati ya hofu hizo mbili hapakuwa na mahali pa mtu kukalia.

Mureithi alikuwa fundi wa umeme, akiweka nyaya katika nyumba za kupangisha zilizokuwa zikiota Mwihoko kila wiki. Kijana mrefu, mpole, mwenye maneno machache na meno mengi. Tulikuwa tumekubaliana kuoana kabla sijaugua. Nilipolazwa aliambiwa ni malaria, na aliyemwambia ni Tata Gathoni, shangazi yangu wa Kalimoni aliyenilea. Tata hakuwa mtu mbaya. Alinijia chumbani na kuku mzima wa kuchemsha, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaangalia kile chungu kwa muda mrefu. "Maitu," aliniita, kama tunavyowaita wasichana wetu kwa mapenzi, "mambo ya hii sukari yakae humu ndani. Watu wa Mureithi wakisikia, watasema tunawauzia mbuzi mgonjwa. Acha kwanza walete mahari, mfunge ndoa, halafu utamwambia mumeo polepole. Mtu akishaoa haulizi." Njoki alikuwa anasugua sufuria mlangoni. "Tata, na akianguka huko?" aliuliza. "Asianguke," Tata akasema, kana kwamba ni jambo la kuagizwa.

Kilichoharibu mpango ni kunona kwenyewe. Mimi nilificha ugonjwa, lakini tumbo ningelificha wapi? Jumapili moja baada ya ibada nilikuwa nakunja vitambaa vya madhabahu katika chumba cha nyuma, na akina mama wawili wa kanisa wakasimama nje ya dirisha, wakiongea kwa sauti ile ya watu wanaodhani wananong'ona. "Huyo wa Mureithi umemwona?" "Si nimemwona. Kifua hicho na hayo mashavu, hiyo ni miezi minne." "Na anataka kuvaa nyeupe!" "Ati nini? Hapa? Apimwe kwanza." Nilikaa chini sakafuni. Kanisa letu lilikuwa na desturi, bibi harusi akishukiwa, akina mama humpeleka kupimwa mkojo kabla ndoa haijatangazwa. Ungesema, basi Wairimu, si uende upimwe uwanyamazishe, kwani una mimba? Sikuwa nayo. Lakini mkojo wangu ulikuwa na mambo yake. Nilijiona nimesimama mbele ya daktari na wale mama wawili, daktari anasema mimba hakuna, ila huyu ana sukari. Ningekuwa nimejiosha kwa matope.

Jumamosi iliyofuata Mama Mureithi, mama mkwe wangu mtarajiwa, alituita kwake tule chakula cha jioni. Nakumbuka meza ile, kitambaa cha kufuma juu ya kila kiti, na sahani yangu iliyojazwa wali, viazi na chapati, kama mtihani. Nikila sana, nina mimba. Nikila kidogo, nina kichefuchefu, kwa hiyo nina mimba. Nilikuwa nimejidunga chooni kwao, mlango umefungwa na mgongo wangu, kwa hiyo ilinilazimu kula. Nikala. Mama Mureithi aliniangalia nikimaliza chapati ya mwisho, akaifuta meza ambayo haikuwa chafu, akasema, "Wairimu, mwanangu ni mtu wa kuamini watu. Wewe una nini?" Mureithi akasema, "Mami, ana njaa tu." Akanitetea kwa kicheko, maskini, asijue anachotetea. Nilitaka ardhi inimeze na hizo chapati zangu.

Siwezi kusema niliamua. Ilianza kwa bahati. Nilikwenda Kalimoni kumsaidia Tata kuvuna maharagwe, na dawa nikaisahau chunguni, nikakaa siku mbili bila hiyo. Nilirudi na kiu na kichwa kizito, lakini sketi ilifunga. Nilisimama mbele ya kioo nikivuta kishikizo, nikijiambia ni sadfa. Wiki iliyofuata nilipunguza dozi ya jioni kidogo. Kisha ya asubuhi. Nilianza kumwaga dawa kidogo ndani ya mchanga wa beseni ili chupa ionekane inashuka, maana Njoki alikuwa na jicho. Ikifika jioni nageukia ukuta, nainua blauzi, najifinya nyama ya tumbo, nasema "ai!" kama mtu aliyechomwa. Kilo zikaanza kushuka. Na watu! Ee Ngai wangu, watu walivyofurahi! Tajiri akasema nimerudi usichana. Wale mama wa kanisa walinisalimia kwa mikono miwili. Mmoja akanipapasa kiuno, akaridhika, na mambo ya kupimwa yakafa yenyewe. Mama Mureithi alinitumia sukari guru ya kutengenezea uji, heshima kubwa kutoka kwake. Na Njoki, akinisuka nywele siku moja mbele ya mlango, akarudi nyuma anitazame vizuri akasema, "Umepungua, msichana! Na imekukalia vizuri!" Nilikuwa nakufa, na sijawahi kusifiwa vile maishani mwangu.

Na nilijua. Kukojoa kulikuwa kumerudi, miguu ilikuwa ikiwaka, macho yalikuwa yakiona ukungu nikisoma rula. Kila asubuhi nilijiambia, mpaka ruracio tu, mpaka siku ya mahari, halafu nitajidunga kama mtu mwema. Mtu anaweza kujidanganya kwa lugha nzuri sana.

Siku ya ruracio ilifika mwezi wa kumi na mbili, nyumbani kwa Tata Kalimoni, turubai limetandikwa uani, masufuria ya mukimo yanafuka, mbuzi ameshachinjwa. Nilikuwa nimeamka nikitapika. Tata alisema ni wasiwasi wa bibi harusi, kila msichana hutapika. Nilikuwa nimekaa siku tatu bila kujidunga hata kidogo, kwa sababu gauni la kitenge lilikuwa limeshonwa kwa kipimo cha yule Wairimu mwembamba. Tuliwekwa katika chumba cha ndani, mimi na wasichana wengine sita, kwa ile desturi yetu: bwana harusi huletewa wanawake waliofunikwa leso kuanzia kichwani hadi miguuni, wameshikana mikono, kisha achague mke wake ni yupi. Akikosea anatozwa faini, watu wanacheka, anarudia. Ni mchezo. Wanawake hubadilishana viatu, huinama, hutembea kwa kuchechemea ili kumchanganya. Njoki aliwekwa kando yangu, kwa kuwa tulikuwa na urefu mmoja. Kutoka chumbani tuliwasikia wazee wakizungumza kwa mafumbo, upande wao wakisema wameona ua zuri katika boma hili, upande wetu wakijibu kwamba hapa maua ni mengi, wamelionaje. Nilikuwa na kiu ya kunifanya nilambe ukuta. Nilikunywa jagi zima la maji nikalitapika katika beseni, na msichana mmoja akasema, "Woi, huyu ana mimba kweli," na wengine wakacheka wakimwambia anyamaze.

Tukafunikwa, tukatoka mstari mmoja. Chini ya leso kulikuwa na giza jekundu na joto la pumzi yangu mwenyewe. Nilisikia ngemi, vigelegele vya mama zetu, nikasikia nyasi chini ya viatu, na nikasikia viatu vya Mureithi. Nilivijua, cha kulia kilikuwa kikilia kwenye kisigino. Vikaja. Vikasimama mbele yangu. Nilitaka kusema jina lake lakini ulimi ulikuwa umeganda. Nikawaza, nitambue. Nitambue uniokoe, hata kama ni mbele ya watu wote, hata kama ni mbele ya mamako. Viatu vikangoja. Kisha vikapita. Baadaye aliniambia alikuwa akimtafuta msichana wake wa mashavu, yule wa chapati. Huyo mwembamba aliyekuwa akiyumba alimwona ni mtoto wa jirani. Aliishika leso ya Njoki, akaifunua, na ua mzima ukalipuka kwa kicheko. "Faini! Faini! Kreti ya soda!" Katika makelele yale Njoki alinigeukia, leso yake mabegani, akaniinamia ili tucheke pamoja. Akanusa. Nilimsikia akivuta pumzi, mara moja, kisha tena.

"Nanasi," akasema. Halafu akapiga ukelele ambao sijausahau. "Wacheni kucheka! Ana sukari! Wairimu ana sukari, anakufa!" Alinivua leso. Jambo la mwisho ninalolikumbuka ni uso wa Mama Mureithi, mdomo wazi katikati ya ngemi, na Tata Gathoni akijishika kichwa. Nilianguka juu ya viatu vya Mureithi.

Nilipoamka Thika, katika wodi ileile, sikufungua macho mara moja. Niliwasikia wakizungumza upande wa miguu yangu. Mama Mureithi alikuwa akisema kwa sauti ya kuchoka, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Heri ingekuwa mimba. Mimba mtu anazaa ikaisha. Hii haiishi. Atakuzalia? Atakulimia? Utakuwa unamuuguza mpaka lini?" Kulikuwa na mashine inayolia, na mtu akiburuta ndoo ya kudekia. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa nikingoja jibu lile. Kifo kilikuwa kimeniacha saa chache zilizopita na sikukijali, lakini neno la Mureithi nililiogopa. Mwishowe akasema, "Mami, nilimpita." "Ulimpita nini?" "Nilisimama mbele yake nikampita. Nikachagua mwingine. Kama ningekuwa namjua, ningemtambua." Mamake akamwambia ule ulikuwa mchezo tu. "Hapana," akasema. Nilisikia kiti kikivutwa.

Sista alipokuja alimkuta hapo. Nilitarajia akemee, akanikemea kweli, kwa sauti ya chini na kwa haki: nusura nife kwa ajili ya gauni. Mureithi akamngoja amalize, akauliza kama mtu anayeuliza nyaya zinapita wapi. Akishuka anakuwaje? Akipanda anakuwaje? Akinona ni kwa nini, na tufanye nini bila kugusa dawa? Sista akamwonyesha kila kitu, hata namna ya kubadilisha mahali pa kudungia. Jioni, wodi ilipotulia, Mureithi aliniinamia akasema, "Nionyeshe vile unavyokuwa, Wairimu. Hali zote. Nisikupite tena." Nililia mpaka mama wa kitanda jirani akauliza kama nimefiwa.

Tulioana, bila nyeupe, kwa mkuu wa wilaya, mimi nikiwa mnene na afya yangu. Mama Mureithi alikuja akiwa amenuna na akakaa kiti cha mbele. Binti yetu amechukua jina lake, Nyambura, kama mila inavyotaka, na yule bibi alimpenda mpaka akasahau alichosema wodini. Mimi sikusahau. Na Mureithi akanijua. Nasema kwa dhati, alinijua kuliko nilivyojijua. Nikianza kugombana kuhusu kijiko, anasema, "Umeshuka, kunywa juisi," na nilikuwa nimeshuka. Tulitembea kila jioni mpaka reli na kurudi, mvua au jua, yeye akihesabu mbwa. Alipunguza ugali wa nyumba nzima, akasema haiwezekani mimi nile mboga yeye ale mlima. Kilo zilishuka polepole, nyingine zikakataa, tukaziacha zikae. Usingizini mkono wake ulikuwa shingoni mwangu, na jasho la baridi likinitoka, anaamka yeye kabla yangu.

Sasa mkono huo hauko. Hiyo ndiyo habari yangu ya mwaka huu, na si habari nzuri. Nyambura yuko Eldoret kazini. Nyumba ni kubwa, friji inanguruma, na kila nikifikiria kulala nawaza nitashuka usingizini, nitasahau jina la kijani, na hakuna atakayesema kunywa juisi. Kwanza nilikula. Nilikula kila jioni kwa woga, kama zamani, nikanona, nikajichukia. Kisha nikaanza kupunguza dozi ya jioni. Kidogo tu. Siku hizi ni kalamu ya insulini, ya kuzungusha namba, ni rahisi hata kuliko kumwaga mchangani. Nikajiambia, heri sukari iwe juu niamke, kuliko iwe chini nisiamke. Nguo zikalegea. Wala sikuwa nafuata kiuno safari hii, lakini mwili haujali sababu zako. Kisha Njoki akaja langoni na sufuria yake ya mukimo.

Siku ile ya ibada wageni waliondoka, akabaki kuosha vyombo. Hakuuliza tena. Aliosha, akafuta, akapanga vikombe. Halafu akanijia pale nilipokuwa nimekaa, akanishika mashavu kwa mikono yenye sabuni, akaleta pua yake mdomoni mwangu, mwanamke wa miaka karibu hamsini, akanusa. Nilifumba macho. Niliogopa kama msichana chini ya leso.

"Bado," akasema. "Lakini iko njiani. Wairimu, usinidanganye, mimi si mama wa kanisa."

Nikamwambia yote. Kuhusu namba ninazozungusha, kuhusu kitanda, kuhusu mkono. Nilimwambia naogopa, naogopa vibaya sana, na kwamba aliyekuwa akinitambua tumemzika. Njoki aliketi akasikiliza mpaka mwisho, sabuni ikimkaukia mikononi. Hakunipa neno la Biblia. Alisema kesho tunakwenda kliniki pamoja, watuambie dozi ya mwanamke anayelala peke yake, maana hatutabuni yetu. Kisha akaenda kwenye friji, akarudi na kalamu, akaniwekea mkononi, akaniambia nizungushe mbele yake mpaka namba ya daktari. Nikazungusha. Nikainua blauzi, na nyama ya tumbo ikajikunja pale, nyingi, laini, yangu. Akapakua mukimo kwa kiasi, mboga nyingi, akaweka chupa ya juisi upande wa mto wangu.

"Nitalala hapa," akasema akivua viatu. "Na usinione mgeni. Tulilala kitanda kimoja ukinidanganya mwaka mzima. Sasa nitakuwa nakunusa."